Dome ana "mfupa", papa hana, sasa nani mwenye uti?

Juzi niko sokoni Darajani nanunua dome, yule jamaa wa ngisi, kijana anaenisafishia akachomoa kile kitu cheupe cha mgongoni akakigonga mezani, "Mwalimu, si unasema huyu hana mfupa, na hichi nini?" Watu wakacheka, na mie nikacheka, maana swali hilo zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani.

Ule sio mfupa bwana. Ni gamba, kama la konokono, ila dome kalitia ndani, lina vijumba vya hewa vinavyomsaidia kuelea na ukilikwangua kwa kucha linatoa unga kama chaki. Dome, ngisi na pweza wote jamaa za konokono, uti wa mgongo hawana. Papa sasa, mkate utakavyo hukuti mfupa, gegedu tupu, lakini pingili za uti anazo na fuvu analo, kwa hivyo yumo kundi moja na changu, kasa, kunguru na sisi.

Juu ya kundi letu hili la wenye uti kuna kundi kubwa zaidi, kodata, na ndo wanafunzi wanapopotea. Kodata, japo kwa muda tu akiwa mchanga kabisa, anakuwa na ufito laini mgongoni unaoitwa notokodi, juu yake neva kuu yenye uwazi ndani, tena na mkia unaopita tundu la haja (ndio, hata wewe tumboni mwa mamako ulikuwa nao). Kwetu ule ufito pingili zinachukua nafasi yake, unabaki ule ute ute wa katikati ya visahani vya uti, ndo huo ukichomoza mtu analala wiki.

Ila wapo kodata wasio na pingili hata moja. Vile vifuko laini vinavyoganda kwenye kamba za mwani (navyo ni wanyama, wanaitwa tunikata), ukivibana vinakurushia maji, zamani viliwekwa na akina konokono mpaka mwanasayansi Mrusi, Kowalevsky, alipochunguza watoto wa vifuko hivyo, 1866, akakuta wanaogelea kama viluwiluwi na notokodi wanayo mkiani. Mtoto akishaganda kichwa jiweni, mkia anaumeza mwilini basi. Na 2006 utafiti wa jeni ukaonesha hao ndo jamaa zetu wa karibu kuliko kodata wengine wote wasio na uti.

Nilimwambia hayo bi mkubwa mmoja Paje, yuko kwenye kamba zake. Akakikwangua kimoja kwa kisu, akakitupa. "Jamaa yako wewe mwanangu, wangu mie wako Makunduchi."