Kabla nyundo haijagusa ukuta wa nyumba ya zamani

"Nyumba za zamani ni za mawe, zinabeba chochote." Kauli hii utaisikia katika mitaa ya Nairobi kama Buruburu, South C, hata Parklands, na ndiyo inayoniumiza roho zaidi, maana imewatia watu hasara na wengine msiba. Mawe ni imara kweli. Lakini uzito wa ghorofa unayotaka kuongeza juu haukomei ukutani, unashuka hadi kwenye msingi, na msingi huo ulipimwa kwa nyumba iliyokuwepo. Isitoshe, sehemu kubwa ya mashariki mwa Nairobi ina udongo mweusi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Ndiyo maana kuna nyufa zinazofunguka kiangazi na kujibana mvua za masika zikianza. Anayetaka kupandisha ghorofa achimbe kwanza shimo kando ya ukuta hadi chini ya msingi, injinia wa miundo aone kina, upana na udongo wenyewe.

"Kuta za ndani ni za kugawa vyumba tu." Si zote. Katika nyumba ya ghorofa, ukuta kati ya jikoni na sebule huenda ndio unaoshikilia slabu, yaani sakafu ya zege, ya juu. Unene pekee hautoshi kukuambia. Ingia darini: mbao za paa zikikalia ukuta huo, au kukiwa na ukuta mwingine juu yake, usibomolewe kabla injinia hajapanga bimu, yaani boriti, ya kuupokea mzigo. Fundi akianza kugonga bila kuegemeza slabu kwa nguzo za muda, msimamishe papo hapo, hata kama ni fundi wenu wa miaka yote.

"Ploti ni yangu, kibali cha nini?" Michoro hupitishwa na kaunti, hata kwa chumba cha kuongeza. Na angalia bomba la majitaka linapita wapi: wengi humwaga zege juu yake, likiziba sakafu mpya ndiyo inayovunjwa.

Kuna pia wanaodhani paa la asbesto hung'olewa kama mabati. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006, ila paa nyingi bado zipo. Likiwa zima hatari yake ni ndogo. Likikatwa au kuvunjwa hutoa nyuzi ndogo mno zinazokwama mapafuni, na saratani yake huweza kujitokeza baada ya miaka 20 au zaidi. Hulowanishwa, likafunguliwa bila kuvunjwa, likafungwa kwa plastiki na kubebwa na mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Siku hizo watoto walale kwa jamaa, wasirudi kabla nyumba haijapanguswa kwa kitambaa kibichi, kwani ufagio mkavu hulirusha vumbi hilo hewani tena.