Mchawi wa Agnesi

Ukikutana na jina hili katika kitabu cha hisabati cha Kiingereza, usitafute tunguri. "Mchawi wa Agnesi" ni mstari uliopinda kama kilima: unanyanyuka katikati, unateremka kulia na kushoto, kisha unazidi kujilaza bila kugusa chini kamwe.

Huchorwa hivi. Simamisha duara juu ya sakafu, na juu yake laza dari linaloligusa kileleni. Kutoka pale duara linapogusa sakafu, piga mshazari mpaka darini. Njiani utalikata duara. Sasa, kutoka ulipofika darini teremka wima, na kutoka ulipokata duara nenda mlalo. Njia hizo mbili zinapokutana, tia nukta. Rudia kwa mishazari mingine, na nukta zitajipanga kuwa kilima. Kipenyo kikiwa 2, mlinganyo ni y = 8/(x² + 4): katikati kimo ni 2, ukisogea 2 pembeni kimebaki 1, ukisogea 4 ni 0.4. Kinachonifurahisha zaidi: kilima hakina mwisho upande wowote, lakini eneo lililo chini yake ni mara 4 tu ya eneo la duara.

Uchawi uliingilia kwa mfasiri. Mwitalia Guido Grandi aliuita mstari huu versiera mwaka 1718, kutokana na neno la Kilatini la kugeuka. Versoria ilikuwa kamba ya kugeuzia tanga, nadhani mabaharia wetu wangeiita demani. Maria Gaetana Agnesi wa Milan, aliyezaliwa mwaka huohuo, alilitumia jina hilo katika kitabu chake cha 1748 cha kalkulasi, yaani hisabati ya mambo yanayobadilika. John Colson wa Cambridge, aliyejifunza Kiitaliano uzeeni ili akifasiri, akalichukua kama avversiera, yaani shetani jike, mchawi. Colson alifariki 1760, tafsiri ikachapishwa 1801, kosa likaota mizizi.

Wala Agnesi hakuuvumbua mstari wenyewe. Mwanahisabati Mfaransa Fermat alishaushughulikia karne moja kabla. Sifa yake ni kufundisha: aliikusanya kalkulasi iliyokuwa imetawanyika, akaipanga ieleweke na anayeanza. Mwaka 1750 Papa Benedikto XIV alimteua kufundisha katika chuo kikuu cha Bologna, naye hakwenda. Ujanani alitaka utawa, baba akakataa. Baba alipofariki 1752, hisabati akaiweka kando, akajitolea kwa maskini na wagonjwa wa Milan mpaka alipofariki 1799.

Waitaliano hadi leo husema versiera tu.