Injini ya mashine ya kapeti ya kwenye vani: anza na bloa, HP itakuja yenyewe

Watu wakinipigia kuhusu mashine za kusafisha kapeti zinazofungwa ndani ya vani, zile sisi wa kazi tunaita trakimaunti, swali huwa lile lile, kaka nichukue ya HP (nguvu za farasi) ngapi? Siwajibu hapo hapo. Nauliza kwanza bloa gani, unatumia wandi (ile fimbo ya kusafishia na kuvutia maji kwenye kapeti) moja au mbili, na uko mji gani. Wengine wanaona kama nawazungusha tu, ila ukianza na HP utakuwa umenunua kibandiko, maana kwenye hii mashine injini ni mtumishi, mwenye kazi ni bloa.

Kwa msomaji mgeni nieleze haraka. Hizi mashine zimejaa huku Marekani na wabongo na wakenya wengi tu wameingia kwenye hii biashara. Ndani ya vani kuna injini ya petroli, inazungusha bloa ya kuvuta hewa na pampu ya kusukuma maji, alafu kuna tangi la maji machafu. Unavuta mipira miwili hadi sebuleni kwa mteja, mmoja unapeleka maji ya moto, mwingine unarudisha uchafu. Bloa yenyewe ni rota mbili zenye umbo la namba 8 zinazogeuka zikipishana bila kugusana, teknolojia ya ndugu wawili wa Roots kule Connersville, Indiana, ya tangu karne ya 19, na mpaka leo hakuna aliyeleta kitu cha kuipiku kwenye kazi hii.

Sasa hesabu. Nguvu inayoliwa na bloa unaipata hivi: chukua CFM, yani futi za ujazo za hewa kwa dakika, zidisha na inchi za zebaki unazovuta, yani kipimo cha nguvu ya mvuto, gawanya kwa 467. Kwa hiyo bloa ya 400 CFM ikivuta inchi 12 inakula kama HP 10.3, ukiongeza msuguano wa gia na beringi weka 12. Ukiisukuma hadi inchi 14 hesabu inakuwa 12 kavu, na ukiongeza msuguano unafika 13 na nusu hivi. Pampu nayo: galoni kwa dakika mara PSI, yani presha ya maji, gawanya 1714. Galoni 4 kwa PSI 500 ni HP 1.2 tu, weka moja na nusu kwa sababu pampu haifanyi kazi kwa asilimia mia. Ongeza nusu HP ya kuchaji betri, klachi ya pampu na mikanda. Jumla unacheza kwenye 14 hadi 15 na nusu. Umeona pampu inakula kidogo? Watu wanababaika sana na PSI wakati mlaji ni hewa. Ni pale tu unapofanya vigae kwa PSI 1200 na galoni 5 ndo pampu inafika HP 4 na kitu na inabidi uihesabu vizuri.

Basi mtu anasema, kumbe injini ya HP 18 inatosha! Ngoja. Hiyo namba kwenye kava la injini kwa kawaida imepimwa kwa utaratibu wa J1940 wa SAE (chama cha wahandisi wa magari), injini iko benchi kwenye maabara, kwa RPM (mizunguko kwa dakika) 3600, hewa nzuri, bila mzigo wa vitu ambavyo wewe utaifunga navyo. Mashine yako haitembei 3600, nyingi zinakaa kati ya 2500 na 3000 kwa ajili ya kelele na maisha ya injini na bloa. Injini ya HP 25 kwenye 3000 unapata kama 21. Alafu hutakiwi kuikamua yote siku nzima, mi huwa naacha asilimia 15 pembeni, inabaki kama 18. Hiyo ni kama uko Houston karibu na usawa wa bahari.

Mi niko Denver, mita 1600 na kitu juu, na huku ndo watu wanaumia. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 3.5 kwa kila futi 1000 unazopanda, kwa hiyo Denver kama asilimia 18 hivi zinapotea kabla hujafanya chochote. Ile 21 inakuwa 17 hivi, ukiacha akiba unabaki na 14 na nusu. Sasa rudi juu uangalie mzigo wetu ulikuwa ngapi. Ndo maana mashine ile ile, bloa ile ile, jamaa wa Houston anaisifia na jamaa wa Denver analalamika inakohoa kila akibana wandi kwenye kapeti nzito, na wote wawili wanasema ukweli. Bloa nayo haikuonei huruma kwa sababu uko mlimani, tofauti ya presha ikiwa inchi 12 ni 12 hata huku, inataka nguvu ile ile. Kuna mdogo wangu mmoja aliniuliza kuhusu kupeleka mashine moja Nairobi, nikamwambia hesabu yake ni kama ya huku kwangu na zaidi kidogo, Nairobi iko karibu mita 1800, ondoa asilimia 20. Akiipeleka Dar au Mombasa tatizo hilo hana, huko atapambana na joto.

Hapo sasa wengi wanaruka upande wa pili. Kama HP inapotea basi nichukue dude kubwa kabisa nisipate shida. Hapana bwana, na sababu ni maji ya moto.

Trakimaunti nyingi hazina jiko. Maji yanapashwa kwa joto ambalo injini inalitupa. Petroli unayoichoma, karibu robo tu ndo inafika kwenye shafti, iliyobaki yote ni joto, linatoka kwenye egzosi na kwenye mwili wa injini. Sasa kupandisha galoni moja ya maji kwa dakika kwa nyuzi 100 za Farenhaiti, yani kama nyuzi 55 za Selsiasi, kunataka BTU (kipimo cha joto) 50,000 kwa saa, ambayo ukigeuza ni karibu HP 20 za joto. Si mchezo. Injini inayotoa HP 15 kwenye shafti inatupa kama 45 za joto, nusu hivi kwenye egzosi, na hata ile 12 iliyoingia kwenye bloa nayo inatoka kama hewa ya moto ambayo mashine nzuri zinaipitisha kwenye kipashio kabla ya kuitoa nje. Ukiokota sehemu ya hapa na sehemu ya pale unapata maji yako. Lakini angalia, hili joto linafuata mzigo, halifuati ukubwa wa injini. Ukiweka injini ya HP 35 kwenye bloa ndogo, itazunguka kwa raha zake imefungua kabureta kidogo tu, itachoma petroli kidogo tu, na wewe utakuwa sebuleni kwa mteja unapuliza maji ya vuguvugu unashangaa. Injini inatakiwa itoke jasho kiasi. Mi napenda ikae kwenye asilimia 75 hadi 85 ya uwezo wake halisi wa pale ulipo, nasisitiza halisi, wa pale ulipo.

Na ndo maana utaona mashine zingine zina kizuizi kidogo kwenye njia ya hewa kuhakikisha bloa haishuki chini ya inchi fulani hata wandi ikiwa imenyanyuliwa. Mtu anakiona anasema kinapunguza nguvu anakitoa. Alafu ananipigia maji yamepoa.

Hili la joto ndo linaamua pia kati ya injini ya kupozwa kwa hewa na ya kupozwa kwa maji. Ya hewa, mfano Briggs & Stratton Vanguard au Kohler za silinda mbili za V, joto lote la kwenye mwili linapulizwa na feni linapotelea nje, unabaki na la egzosi na la bloa. Ya maji, joto la rejeta nalo linaingia kwenye mfumo wako, unaanza kupasha maji kwa maji ya injini alafu egzosi inamalizia. Kwa mtu wa wandi moja, nyumba za kawaida, injini ya hewa inatosha kabisa, ni rahisi, nyepesi, kilo 40 na kitu, na ikifa kuna duka la mashine za majani karibu kila mji hapa lenye spea zake. Ila ndani ya vani lazima ipate hewa, milango wazi, isibanwe na madumu ya kemikali, na mapezi yake yasafishwe, maana kwenye hii kazi kuna manyoya ya kapeti kila kona yanaingia kwenye feni yanajipanga kama blanketi. Injini nyingi za hewa ninazozifungua zimekufa kwa joto na si kwa uzee.

Kwa wandi mbili au kazi za maofisi usiku kucha mi nakupeleka kwa Kubota WG972 moja kwa moja. Silinda 3, cc 962, HP 32.5 kwa RPM 3600, uzito kama kilo 70, ndugu wa zile dizeli ndogo za Kubota. Inazunguka taratibu, haina kelele za kuamsha mtaa, na joto lake halipandi na kushuka ovyo. Mdogo wake WG752 wa cc 740 anakaa pale pale na zile V za HP 25 lakini kwa ustaarabu zaidi. Bei sasa, hapo ndo kilio, na rejeta, thamostati na mipira ni vitu vya ziada vya kuvuja. Ukiwa mtu wa kusahau kuangalia kulanti baki kwenye hewa.

Kohler, usishtuke ukiona jina Rehlko kwenye makaratasi, ile biashara ya injini ilitengwa na Kohler mwaka 2024. Injini za Onan za zamani, ukikuta mashine ya bei chee yenye Onan, muulize muuzaji spea anapata wapi alafu tazama uso wake.

Dizeli naulizwa sana hasa na watu waliokulia kwenye malori. Dizeli inavuta hewa nyingi kuliko inavyohitaji kuchoma, hivyo egzosi yake ni baridi kuliko ya petroli hasa ikiwa na mzigo mdogo, kwa hiyo utahitaji jiko la kupasha maji. Inawezekana, wapo wanaofanya, ila sio njia rahisi.

Kuna wanaopenda mashine zisizo na injini yake kabisa, zinachukua nguvu kwenye injini ya gari kwa mkanda na shafti, mfano Butler na HydraMaster CDS. Raha yake ni nguvu ya kumwaga, nafasi kubwa ndani, na matengenezo ya injini moja badala ya mbili. Karaha yake, gari likilala gereji na biashara imelala. Na umefungwa kwenye aina ya gari, Ford walipoacha vani za E-Series mwaka 2014 na kuleta Transit, mtu aliyetaka kuhamisha mashine yake kwenye vani jipya alijikuta anaanza upya na vifungio. Mwenye injini yake aliichomoa akaifunga kwingine akaendelea.

Kama hununui mashine mpya bali unabadilisha injini iliyokufa, HP ni jambo la mwisho. Pima shafti. Injini mbili za jina moja na HP moja zinaweza kuwa moja na shafti ya inchi 1-1/8 na nyingine 1-7/16, na kapulingi yako haitaingia. Pima urefu, mfereji wa kii, matundu ya kufungia egzosi, upande wa kumwagia oili, na alteneta yake ya ndani inatoa ampea ngapi, klachi ya pampu ikikosa umeme utatafuta ugonjwa wiki nzima. Na kama ni ya mikanda uliza kama beringi ya injini hiyo inaruhusu kuvutwa pembeni kwa nguvu hiyo.

Petroli chukua kwenye tangi la gari kwa bomba lililofungwa na mtu anayejua, usibebe dumu ndani karibu na egzosi. E10, yani petroli yenye ethanoli asilimia 10, sawa, E15 na E85 hapana. Na egzosi isielekee mlango wala dirisha la mteja, na usiwashe hii mashine ndani ya gereji ya nyumba hata milango ikiwa wazi, hewa ya kaboni monoksidi haina harufu na inaua familia nzima.

Ukienda kuangalia mashine iliyotumika, usiridhike kuona imewaka. Iache ipate moto dakika 20 maji yakitoka, mwombe muuzaji aunganishe mipira yote kama ya kazini, alafu ziba mdomo wa mpira wa kuvuta kwa mkono huku unaangalia saa ya RPM. Itashuka kidogo, gavana (kidhibiti cha kasi ya injini) afungue, irudi, hapo iko sawa. Ikishuka 300 na kubaki huko huko inatetemeka, ama injini imechoka, ama mtu aliwahi kubadilisha puli ili bloa izunguke kasi zaidi aonekane ana CFM nyingi. Angalia puli kwanza kabla ya kupunguza bei, na uiweke kwenye picha ya simu namba iliyogongwa juu yake, hiyo ndo utanitumia ukinipigia.