Chingamu isiyo na sukari na bakteria wa kinywani

Chingamu, ambayo wengine tumezoea kuiita bigijii, huandikwa "haina sukari" ilhali ukiitia mdomoni ni tamu vilevile. Maana yake ni kwamba utamu wake unatokana na vitu kama zailitoli na sorbitoli, ambavyo bakteria wa kinywani hawavigeuzi asidi kwa urahisi kama sukari.

Tumtazame mhusika mkuu. Ndani ya ukoga, ule utando unaonata kwenye meno, huishi bakteria aitwaye Streptococcus mutans. Ukinywa chai ya sukari kwa maandazi, naye anapata mlo wake, kisha anatoa asidi. Asidi hiyo ikishusha pH (kipimo cha asidi: kadiri kinavyoshuka, ndivyo asidi inavyozidi) hadi karibu 5.5, madini ya jino huanza kuyeyuka. Hali hiyo ikijirudia kila siku, jino hutoboka.

Zailitoli humchezea shere bakteria huyu. Molekuli yake ina kaboni tano, glukosi ina sita. Anaivuta ndani kama chakula, anaifunga na fosfeti, halafu anakwama: hawezi kuisaga zaidi. Inambidi aitoe tena nje, na nguvu alizotumia zimekwenda bure. Sorbitoli haina hila hiyo. Bakteria anaweza kuichachusha, ila polepole mno. Wafini ndio walioivalia njuga habari hii ya zailitoli: utafiti mkubwa ulifanyika mjini Turku mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1975 chingamu ya zailitoli ikaingia sokoni Finland.

Hata hivyo, kwa maoni yangu sifa nyingi zinazopewa zailitoli ni haki ya mate. Kutafuna kwenyewe huyafanya yatoke kwa wingi, nayo husukuma mabaki ya chakula, hupunguza makali ya asidi na hurudisha kalsiamu na fosfeti kwenye jino. Ndiyo maana hushauriwa kutafuna dakika 20 hivi mara baada ya kula, si saa mbili baadaye.

Ukoga ulioganda kati ya meno chingamu haiufikii, kwa hiyo mswaki na dawa ya meno yenye floridi vibaki palepale. Ukizidisha chingamu hiyo, tumbo litaharisha. Na mwenye mbwa afiche pakiti: zailitoli, hata kidogo, humshusha mbwa sukari ya damu na inaweza kumuua.