Mtoto amekwama wapi? Kwa wanaojitolea kufundisha watoto kusoma

Chukua watoto watatu wa darasa la tatu ambao mwalimu amesema hawajui kusoma. Waonyeshe neno "mtoto", mmoja mmoja, wenzake wakiwa mbali. Wa kwanza atasema "ma-to-to". Wa pili ataona mwanzo wa neno na kusema "mto". Wa tatu atakaa kimya akikutazama mdomo, akisubiri uanze ili afuatishe. Kwenye orodha ya darasa wako kundi moja, lakini kila mmoja amekwama pake, na dawa ya huyu haimfai yule.

Mwalimu wa darasa hana nafasi ya kuwasikiliza hivyo. Uwiano uliowekwa kwa shule za msingi za Tanzania ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na madarasa mengi ya mwanzo yamepita hapo. Tangu 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umejengwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, lakini aliyeikosa hatua moja akiwa la kwanza huikuta darasa la tatu vitabu vikizungumza kana kwamba anaijua. Tathmini za mpango wa kielimu uitwao Uwezo, ambazo watu wa kujitolea walizifanya nyumba kwa nyumba wakitumia hadithi ya kiwango cha darasa la pili, zilikuta hata watoto wa darasa la saba wasioweza kuisoma. Kwa hiyo anayejitolea asijaribu kuwa mwalimu wa pili wa somo lilelile. Kazi yake ni sikio.

Anza kwa kupima. Unahitaji karatasi moja tu uliyoiandika kwa herufi kubwa za kusomeka: herufi kadhaa, silabi 10, maneno 10 ya silabi mbili au tatu, aya ya sentensi nne, na hadithi fupi ya sentensi kama kumi. Mpe kwanza aya. Akiisoma bila kukosea zaidi ya maneno matatu, mpandishe kwenye hadithi na umuulize maswali mawili. Akishindwa, mshushe kwenye maneno, kisha silabi, kisha herufi, na kila ngazi achague mwenyewe vitano vya kusoma. Akipata vinne, ngazi hiyo anaiweza. Andika tarehe, ngazi na makosa yenyewe kama alivyoyatamka. "Hajui silabi" ni maandishi yasiyokusaidia kesho. "Amesoma da kwa ba mara tatu" yanakusaidia.

Panga vikundi kwa ngazi hizo, watoto wanne hadi sita, hata kama wa darasa la pili atakaa na wa la nne. Wakubwa huona aibu siku mbili za mwanzo. Wape kazi ya kugawa kadi na aibu hupungua.

Kosa linalowapoteza watu wengi wa kujitolea ni kuamini kiitikio. Watoto sita wakiimba "ba, be, bi, bo, bu" kwa sauti nzuri, utadhani wanasoma. Wanaimba. Changanya kadi, toa "bo" peke yake, mpe mmoja. Vivyo hivyo kwa ukurasa uliosomwa darasani mara nyingi: mtoto huukariri, akausoma macho yakiwa dirishani. Weka kidole kwenye neno la katikati ya mstari wa tatu, au mwambie aanze sentensi ya mwisho. Hapo utajua.

La pili ni majina ya herufi. Aliyefundishwa kwamba m ni "em" ataunganisha "em" na "a" apate "ema", kisha akutazame ashangae kwa nini hukubali. Mfundishe sauti: midomo imefungwa, mmm, halafu aifungue, mmma. Konsonanti kama b na k haziwezi kuvutwa hivyo, basi zitamke fupi na uziingize kwenye irabu haraka. Irabu tano zitangulie zote, na mtoto azitambue bila kufikiri kabla hujaongeza konsonanti mbili tatu kwa wiki. Mara akiwa na m, k, t na l tayari ana mama, kaka, taka, kalamu, mti. Mwandikie maneno hayo siku hiyohiyo. Silabi zisizofika kwenye neno humchosha.

Sasa yale magumu ya Kiswahili chenyewe. Wengi husema kusoma Kiswahili ni rahisi kwa sababu kinaandikwa kinavyotamkwa, na ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini m ya "mtu" inasimama peke yake kama silabi, ilhali m ya "mbuzi" imeshikana na b. Usimpe mtoto kanuni, mpigishe makofi. M-tu, makofi mawili. Mbu-zi, mawili. M-bwa, mawili pia, na hapo ndipo watoto hugombana, nawe uwaache wagombane kidogo. Ndivyo ilivyo kwa n-chi na nde-ge. "Ng'ombe" na "ngoma" zisifundishwe kwa siku moja. Ng' ya puani ipate wiki yake, na kile kikoma cha juu kionyeshwe kwa wino wa rangi nyingine mpaka jicho lizoee. B na d nazo zitenganishwe. B huandikwa kwa kuanza mstari, halafu tumbo. D huanza na tumbo. Mkono ukishaizoea moja ndipo ilete ya pili. Mtoto wa miaka sita au saba kuzigeuza ni kawaida, hana ugonjwa.

Jambo lisiloelezwa vya kutosha ni hili: maneno yetu mengi yana kichwa kimoja. Chukua aya hii.

"Juma ana kuku. Kuku ametaga mayai. Mama amekaanga yai moja. Juma amekula ugali na yai."

Mtoto anayeijua "ame" kwa macho ataisoma upesi na kubahatisha mkia: "Kuku amekula mayai." Sentensi ina maana, sauti haikutetereka, na asiyefuatilia kwa jicho atampongeza. Usimkatize. Mwache amalize sentensi, kisha uulize: "Kuku amefanya nini? Hebu nionyeshe linaposema hivyo." Akirudi mwenyewe na kupata "ta-ga", amejifunza zaidi kuliko ungemtajia. Kisha mwandalie kadi za ukoo mmoja: ametaga, amekula, amekata, amekaa, ameketi. Kichwa kimoja, mikia mitano. Atalazimika kusoma mpaka mwisho.

Maneno marefu yana tatizo jingine. "Hawajatupikia" ni silabi saba, na anayezivuta moja moja akifika kwenye "a" ya mwisho amekwisha sahau "ha" ya mwanzo. Funika nusu kwa kipande cha karatasi: "hawaja", asome kwa mkupuo, kisha "tupikia", kisha ondoa karatasi asome yote tena. Ule usomaji wa pili wasiofika wengi ndio unaoleta ufasaha. Baada ya upimaji wa kitaifa wa 2013, kiwango kilichopendekezwa kwa darasa la pili Tanzania kilikuwa maneno 50 sahihi kwa dakika. Lisikufanye ukimbie na saa mkononi. Kasi ina umuhimu kwa sababu moja: anayekokota sana hufika kwenye nukta akiwa hakumbuki sentensi ilianzaje.

Anapokwama, hesabu kimya hadi tano kabla ya kusaidia. Ni ndefu kuliko unavyodhani. Wengi hutaja neno kwenye mbili, na mtoto hujifunza kusubiri. Ikifika tano, mpe silabi ya kwanza tu.

Angalia pia usisahihishe kisicho kosa. Anayesema "rara" palipoandikwa "lala", au "selasini" kwa "thelathini", huenda amesoma vizuri akatamka kama kwao. Muulize maana yake. Akiijua, rudia neno kwa matamshi ya kitabuni mara moja, endeleeni.

Dakika 45 zinatosha, mara tatu kwa wiki. Kumi za kadi na silabi, kila mtoto akiguswa peke yake. Ishirini za kusoma, huku wewe ukizunguka na kumsikiliza kila mmoja dakika tatu nne, wengine wakisomeana wawili wawili. Tano za imla, maneno matano tu, kwa sababu anayeandika neno analazimika kusikia sauti zake zote. Zinazobaki soma wewe hadithi kwa sauti, yenye msisimko, juu ya kiwango chao. Wasipate kazi yoyote baada yake. Vifaa si vya gharama: kadi za maboksi au kalenda za zamani, zilizokatwa robo ya ukurasa wa daftari, vizibo vya soda vilivyoandikwa silabi ndani ili wapange maneno, daftari moja la kumbukumbu.

Kuhusu mahudhurio, tusijidanganye. Mwaka 2005, katika wilaya ya Jaunpur, Uttar Pradesh nchini India, shirika la Pratham liliwaandaa wanavijiji waliojitolea kwa siku chache tu wakaendesha kambi za kusoma. Watoto waliohudhuria walisonga mbele waziwazi. Ila wengi waliozihitaji hawakufika. Hivyo pita nyumbani mapema, mwambie mama au bibi saa ya kuanza na ya kumaliza, na umalize kabla giza halijaingia. Mkae mahali panapoonekana, ukumbini au chini ya mti, milango wazi, watu wazima wasiopungua wawili. Mwalimu mkuu na serikali ya mtaa wawe na majina yenu. Fimbo haina nafasi, wala kicheko. Mtoto anayesogeza kitabu hadi puani, au anayesema "ee?" kila ukimwita kutoka nyuma, asionywe wala asisukumwe na kadi zaidi, zungumza na mzazi apelekwe kituo cha afya kupimwa macho au masikio.

Na usiahidi usichoweza. Mara mbili kwa wiki muhula mzima ni bora kuliko kila siku kwa wiki mbili halafu ukatoweka, kwani mtoto atahesabu kwamba umemkimbia yeye.

Pima tena kila baada ya wiki nne kwa karatasi mpya yenye maneno mengine. Akisoma hadithi na kujibu maswali, mwondoe kwenye kikundi, kiti chake kichukuliwe na mwingine, ila apewe haki ya kuazima. Vitabu 12 vyembamba ndani ya ndoo yenye mfuniko, panya na mvua zisivifikie, vinatosha kuanzia. Azima Ijumaa, rudisha Jumatatu, na anayerudisha aseme kwa maneno yake kilichotokea ndani. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kuuliza swali hilohilo nyumbani: "Kimesema nini?" Kilichorudi kimechanika kibandikeni gundi pamoja na mtoto mwenyewe, kisha kitoke tena Ijumaa inayofuata.