Kutatua milinganyo ya mstari kwa kubadilisha na kwa kuondoa

Mlinganyo mmoja wenye herufi mbili, kama vile x − 2y = 10, hauna jibu moja. Ukichukua y kuwa 0, x inakuwa 10. Ukichukua y kuwa 1, x inakuwa 12. Na kwa kila namba utakayoiweka mahali pa y ipo x inayokwenda nayo, bila kikomo. Majibu hayo yote yakichorwa kwenye grafu hujipanga katika mstari ulionyooka, na ndiyo maana mlinganyo wa namna hii, ambao herufi zake hazina kipeo kinachozidi 1 wala hazizidishwi zenyewe kwa zenyewe, huitwa mlinganyo wa mstari. Ukiongezwa mlinganyo wa pili, tuseme 3x + 5y = −3, swali linabadilika: sasa zinatafutwa x na y zinazotimiza milinganyo yote miwili kwa pamoja, yaani nukta ambayo mistari hiyo miwili inakutania.

Sharti hilo la kutimiza yote kwa pamoja ndilo linalohalalisha kila hatua itakayofuata. Kwa kuwa x ya mlinganyo wa kwanza ni namba ileile iliyo katika mlinganyo wa pili, na y vivyo hivyo, tunaruhusiwa kuchukua habari kutoka mlinganyo mmoja na kuitumia katika mwingine. Lengo ni kubaki na herufi moja tu, kwa sababu mlinganyo wa herufi moja hautupi shida.

Njia ya kubadilisha hufanya hivyo waziwazi. Katika mlinganyo x − 2y = 10, herufi x imesimama peke yake bila namba ya kuizidisha, kwa hiyo tunaandika x = 10 + 2y, kisha kila palipo na x katika mlinganyo wa pili tunaweka 10 + 2y badala yake:

3(10 + 2y) + 5y = −3
30 + 6y + 5y = −3
11y = −33
y = −3

Tukirudi kwenye x = 10 + 2y tunapata x = 10 − 6 = 4. Hakiki katika milinganyo ya awali: 4 + 6 ni 10, na 12 − 15 ni −3. Yote miwili imetimia.

Mabano yaliyo katika mstari wa kwanza wa kazi hiyo si pambo. Kinachowekwa mahali pa x ni jumla nzima, na 3 inapaswa kuzidisha sehemu zake zote mbili; anayeandika 30 + 2y + 5y ataishia na 7y = −33, na sehemu isiyogawanyika itakayotokea inapaswa kumfanya arudi kukagua. Jambo la pili la kuangalia ni mahali pa kuweka. Ukiiweka 10 + 2y katika mlinganyo uleule uliokupa, utapata 10 = 10, ambayo ni kweli lakini haikuongezei lolote, maana umeuliza mlinganyo kile ulichokwisha kuambiwa nao.

Sasa tazama jozi hii:

4x + 3y = 7
6x + 5y = 13

Hapa hakuna herufi iliyosimama peke yake. Kubadilisha kunawezekana, ila x itakuwa (7 − 3y)/4, na kazi yote itaburuza sehemu hiyo hadi mwisho. Ni afadhali kutumia njia ya kuondoa. Kigawe kidogo cha shirika cha 4 na 6 ni 12, hivyo tunazidisha mlinganyo wa kwanza kwa 3 na wa pili kwa 2:

12x + 9y = 21
12x + 10y = 26

Tukitoa wa kwanza kutoka wa pili, 12x zinafutana na kinachobaki ni y = 5. Kutokana na 4x + 15 = 7 tunapata x = −2, na mlinganyo wa pili unathibitisha: −12 + 25 = 13.

Wanafunzi wengi hufundishwa hatua hiyo ya kutoa bila kuambiwa kwa nini inaruhusiwa, na nadhani hapo ndipo somo linapopoteza ladha yake. Mlinganyo unasema kwamba pande mbili ni kiasi kilekile kilichoandikwa kwa namna mbili. Iwapo 12x + 9y ni sawa na 21, basi kutoa 12x + 9y upande wa kushoto na kutoa 21 upande wa kulia ni kutoa kiasi kimoja pande zote mbili, jambo ambalo halivurugi usawa. Zaidi ya hayo, hatua hiyo inaweza kurudishwa nyuma: ukijumlisha tena ulichokitoa unaupata mlinganyo wa awali, kwa hiyo hakuna jibu lililopotea na hakuna jibu geni lililoingia. Kuzidisha kwa namba yoyote isiyo 0 kuna sifa hiyohiyo. Kuzidisha kwa 0 hakuna, kwa kuwa 0 = 0 haiwezi kukurudisha ulikotoka.

Kwenye grafu jambo hili linaonekana vizuri. Mlinganyo mpya, y = 5, ni mstari wa mlalo unaopita katika nukta ileile ya makutano, yaani (−2, 5). Kwa hiyo kuondoa x ni kubadilisha mstari mmoja ulioinama kwa mstari mlalo, ilhali makutano yanabaki mahali pake.

Ushauri mmoja wa kazi: badala ya kutoa, zidisha mlinganyo mmoja kwa namba hasi kisha ujumlishe. Makosa mengi ya alama za + na − hutokea pale mtu anapotoa kitu ambacho tayari ni hasi. Ugumu huo ni wa kale. Sura ya 8 ya kitabu cha Kichina Jiuzhang Suanshu, kilichokusanywa wakati wa utawala wa Han, inatatua matatizo ya aina hii kwa kupanga vijiti vya kuhesabia katika safu na kutoa safu moja kutoka nyingine, na kwa kuwa kutoa huko kulizaa namba zilizo chini ya 0, sura hiyohiyo inaweka kanuni za kujumlisha na kutoa namba chanya na hasi. Liu Hui, aliyeandika ufafanuzi wake mwaka 263, anaeleza kwamba vijiti vyekundu viliwakilisha chanya na vyeusi hasi. Njia hiyo leo huitwa kwa jina la mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss, aliyezaliwa zaidi ya miaka 1,500 baadaye.

Kuna nyakati ambapo herufi zote mbili hutoweka pamoja. Chukua x − 3y = 7 na 2x − 6y = 8. Tukiweka x = 3y + 7 katika mlinganyo wa pili, tunapata 6y + 14 − 6y = 8, yaani 14 = 8. Hilo ni tamko la uongo, na maana yake ni kwamba hakuna x na y zinazotimiza yote mawili: mistari ni sambamba. Lakini kama mlinganyo wa kwanza ungekuwa x − 3y = 4, tungepata 8 = 8. Hapo milinganyo miwili ni mstari mmoja, na kila nukta yake ni jibu: (4, 0), (7, 1), (1, −1) na kuendelea. Matokeo haya si ishara ya kukosea. Ni majibu kamili na yaandikwe hivyo.

Hali hiyo inaweza kutambuliwa mapema. Zidisha namba iliyo mbele ya x katika mlinganyo wa kwanza kwa ile iliyo mbele ya y katika wa pili, kisha fanya vivyo hivyo kwa mbili zilizobaki. Katika jozi ya mwanzo tunapata 1 × 5 = 5 na 3 × (−2) = −6. Zikitofautiana, jibu ni moja tu, na tofauti yake, 11, ndiyo iliyojitokeza katika 11y. Katika jozi ya mistari sambamba zote mbili ni −6.

Herufi zikiwa tatu, milinganyo mitatu huhitajika, na kuondoa hushinda kubadilisha kwa wepesi. Hata hivyo ni lazima herufi ileile iondolewe katika jozi mbili tofauti. Anayeondoa x katika jozi moja na y katika nyingine atabaki na milinganyo miwili ambayo kwa pamoja bado ina herufi tatu.