Kasha la maua la vigae

Kasha la vigae ni chombo cha kupandia mimea kinachoundwa kwa vigae vitano: vinne vya kuta na kimoja cha kitako. Lisichanganywe na chungu cha saruji kilichobandikwa vigae kwa nje. Hapa kigae chenyewe ndicho ukuta, na kinachokishika ni silikoni tu, gundi inayonyumbuka kama mpira.

Kwa hiyo uhai wa kasha uko kwenye pembe. Vigae vya sentimita 30 kwa 30 hutoa nafasi ya lita 25 hivi. Udongo wake ukilowa unaweza kuzidi kilo 35, na husukuma kuta kwenda nje. Gundi ya saruji ya kubandikia vigae haifai, kwani ikikauka hainyumbuki na mshono mwembamba hupasuka. Tumia silikoni ya matumizi ya nje ya nyumba, pamoja na vigae vya sakafuni vya porseleni. Vya ukutani hufyonza maji kupitia mgongoni.

Toboa kitako kabla ya kuunganisha: matundu manne ya milimita 10, sentimita 5 au zaidi kutoka ukingoni. Drili iwe na keekee (ncha ya kutobolea) ya almasi, mpigo wa nyundo umezimwa. Anza ukiwa umeiinamisha kidogo, iking'ata ndipo uisimamishe wima. Mwagia maji muda wote. Ukiona unga mkavu badala ya tope, simama, keekee inaungua.

Futa vumbi lote kwenye kingo, maana silikoni iliyoshika vumbi haijashika kigae. Simamisha kuta juu ya kitako, kila kigae ukingo wake mmoja ukigota kwenye mgongo wa jirani, kisha zifunge kwa utepe. Zitatokeza milimita chache nje ya kitako. Hilo si kosa. Jaza silikoni pembe zote za ndani, mstari wa upana wa sentimita 1.

Sasa subira. Silikoni hukauka kutoka juu kwenda ndani, milimita 2 au 3 kwa siku, hivyo ngozi kavu ya saa ya kwanza inadanganya. Liache wiki nzima.

Liinue kwa vipande vya vigae ili matundu yapumue, yafunike kwa wavu, ujaze udongo hadi sentimita 3 chini ya mdomo. Ukilihamisha, shika kitako. Ukilinyanyua kwa kuta, uzito wote unaning'inia kwenye silikoni.